Bach, Handel, Mozart au Haydn: kwaya yenu ianze na nani?

Mwezi wa tisa ukiingia, kwaya nyingi za kanisa huanza mjadala uleule. Krismasi inakaribia, mwenyekiti anataka "kitu kizito" mwaka huu, na vijana wa sauti ya tatu, yaani teno, wamesikiliza kwaya za Ulaya kwenye simu zao wakarudi na majina: Bach, Mozart, Handel. Mwalimu anaguna. Anajua ana soprano 12, alto 9, besi 6, na watu wawili tu wa sauti ya tatu, mmoja wao akifanya kazi ya zamu. Kinanda ni kimoja, cha umeme. Fidla hana hata moja.

Nimekaa kwenye mijadala hiyo miaka mingi, kwanza nikiwa besi wa mstari wa nyuma, baadaye nikiwa mimi ndiye ninayeguna. Mara nyingi tulichagua kwa kigezo kibaya: ukubwa wa jina, au sifa za uchaji wa mtunzi. Mtu anasimama na kusema, "Bach alikuwa mcha Mungu kweli, tumwimbe yeye," kana kwamba uchaji wa Bach utawapandisha watu wetu wa sauti ya tatu hadi kwenye nota zao. Swali lililonisaidia mimi ni hili: huyu bwana alikuwa anamwandikia nani? Nani alimlipa, waimbaji wake walikuwa watu wa namna gani, na ibada yake ilitakiwa iishe saa ngapi? Majibu yake yamo ndani ya nota zenyewe, na ndiyo yanayoamua kama kwaya yenu itafika ukurasa wa mwisho au itakwama wa tatu.

Bach: mwajiriwa wa kanisa

Johann Sebastian Bach na George Frideric Handel walizaliwa mwaka mmoja, 1685, Handel mwezi Februari katika mji wa Halle na Bach mwezi Machi katika mji wa Eisenach. Wote Wajerumani, wote wamelelewa katika Ulutheri, wote mabingwa wa ogani, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Hata uzeeni walikutanishwa na balaa moja tu: tabibu Mwingereza John Taylor aliyewapasua wote wawili macho, na wote wawili wakafa vipofu. Kwingine kote maisha yao ni mbingu na ardhi.

Bach ndiye mwenzetu kabisa, maana alikuwa mwalimu wa kwaya mwenye bosi. Mwaka 1723 aliajiriwa Leipzig kuwa kanta, yaani mwalimu wa muziki na kwaya, wa shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa makuu ya mji. Hakuwa chaguo la kwanza. Halmashauri ilimtaka mtunzi Telemann, akakataa; ikamtaka mwingine, Graupner, mwajiri wake akamzuia; ndipo akachukuliwa Bach. Kwenye mkataba aliahidi kwamba muziki wake hautakuwa mrefu kupita kiasi, wala hautafanana na opera, bali utawaamsha watu katika ibada. Kisha akaanza kazi ambayo ukiifikiria unachoka wewe: miaka ile ya mwanzo, karibu kila Jumapili na kila sikukuu, kantata moja (utunzi wa kwaya, solo na ala) ya dakika 20 hadi 30, ikifuata masomo ya siku hiyo. Aitunge, nota zinakiliwe kwa mkono, waimbaji wafundishwe, Jumapili iimbwe. Zimebaki kama 200. Mwishoni mwa kazi aliandika herufi tatu, S.D.G., yaani utukufu kwa Mungu peke yake.

Mwaka 1730 aliwaandikia wakubwa wa mji barua ya malalamiko ambayo kila mwalimu wa kwaya angeisaini. Alitaka angalau waimbaji 12, na ikiwezekana 16, wanne kwa kila sauti. Halafu akawahesabu wanafunzi wake mmoja mmoja: 17 wanafaa, 20 bado hawajafikia, na 17 hawafai kabisa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka hadi machozi, kisha nikaanza kuhesabu wa kwangu.

Lakini tusijidanganye. Hao 17 waliofaa walikuwa wavulana wa bweni, waliosoma nota kama wanavyosoma alfabeti, walioimba kila siku ya Mungu. Sauti za juu zote ziliimbwa na wavulana, kwa kuwa wanawake hawakuimba katika kwaya za makanisa yale. Na Bach hakuwa na tabia ya kuihurumia sauti ya binadamu. Anaiandikia kama anavyoiandikia fidla. Mstari wa alto unaweza kukimbia mapigo manane bila pa kuvuta pumzi, na wakati huohuo besi anakimbia upande mwingine. Kuingia kwenye fuga yake ni rahisi, kila sauti inaingia kwa zamu kwa wimbo uleule. Kutoka ndiyo kazi. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Tuliwahi kujaribu. Kwaya moja niliyoimbia, siitaji, ilichukua kwaya ya ufunguzi ya kantata moja kwa ajili ya Ijumaa Kuu. Miezi mitatu ya mazoezi, Jumanne na Alhamisi jioni. Siku yenyewe, mahali pale sauti ya tatu inapoingia peke yake, yule mmoja alikuwa zamu na mwenziwe akaogopa. Tukasimama. Mchungaji, kwa hekima zake, akasema "Tuombe."

Je, Bach aachwe? La. Mlango wake wa mbele ndio mzito, ule wa nyuma uko wazi. Bach alipanga sauti nne kwa mamia ya nyimbo za kitabu za Kilutheri, na mkusanyiko uliochapishwa baada ya kifo chake, kati ya 1784 na 1787, una 371. Kila moja ni ukurasa mmoja. Aliyekulia kwenye kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana anazijua tuni nyingi tangu Shule ya Jumapili, kwa hiyo soprano hawafundishwi chochote. Mafunzo ni ya alto, sauti ya tatu na besi, na hapo ndipo utamu ulipo. Chukua ile tuni ya Ijumaa Kuu inayomwimba Bwana kuhusu kichwa kilichojaa damu na majeraha. Kwanza ilikuwa wimbo wa mapenzi, wa Hans Leo Hassler, uliochapishwa mwaka 1601. Kanisa likaichukua. Bach akairudia mara tano ndani ya Mateso kwa Mathayo, kazi ya mwaka 1727, karibu kila mara kwa mpangilio tofauti, na ule unaofuata kifo cha Yesu ndio wenye sauti za giza kuliko yote. Kwaya ya watu 20 inaweza kuimba mipangilio miwili au mitatu ya tuni hiyo katika ibada moja ya Ijumaa Kuu, bila ala yoyote, na waumini wakaitambua.

Waumini wa Bach mwenyewe hawakuwa wepesi kuridhika. Alipokuwa kijana wa miaka 20 hivi huko Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne, akatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza mpiga ogani Buxtehude, akarudi baada ya miezi kama minne. Wazee wa kanisa walimkaripia kwa kuchelewa, na pia kwa kuingiza nota za ajabu katika nyimbo za kitabu hata watu wakachanganyikiwa wanaimba nini. Mpiga kinanda wenu akianza mapambo yake katikati ya ubeti, mkumbusheni kwamba lawama hiyo ina zaidi ya miaka 300.

Handel: mtu wa jukwaani

Handel naye, ukiacha mwaka mmoja wa kupiga ogani Halle, 1702 hadi 1703, riziki yake ilitoka kwenye majumba ya opera na kwa wafalme. Alikwenda Italia, akawaandikia makadinali wa Roma zaburi za Kilatini ingawa alikuwa Mlutheri. Akaingia London mwaka 1710. Mwaka 1727 akapata uraia wa Uingereza na mwaka huohuo akaandika wimbo wa kutawazwa kwa Mfalme George II, ambao hadi leo huimbwa kila mfalme wa Uingereza anapotawazwa.

Opera ilipoanza kumwangusha kibiashara, alihamia oratorio: hadithi ya Biblia inayoimbwa bila maigizo wala mavazi. Siku fulani za Kwaresima maigizo na opera vilikatazwa, lakini oratorio iliruhusiwa. Hapo mfanyabiashara aliona mwanya. *Masihi* aliiandika kwa siku 24 tu, kuanzia 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741, kwa maneno ya Biblia yaliyopangwa na rafiki yake Charles Jennens. Iliimbwa kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, katika ukumbi wa muziki, si kanisani. Tangazo liliwaomba mabibi waje bila magauni yale yenye matao na mabwana waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi waingie; wakaingia kama 700. Fedha zilikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakatoka. Huko London mwaka uliofuata baadhi ya wacha Mungu walinung'unika: maneno matakatifu yanaimbwaje kwenye jumba la maigizo?

Tazama kinaya kilichopo. Yule aliyeajiriwa na kanisa anatuandikia muziki usioimbika kirahisi kanisani kwetu, na mtu wa jukwaani ndiye anayeimbwa kila Pasaka kuanzia Kilimanjaro hadi Kisumu. Sababu ni ileile ya nani anaandikiwa. Bach aliwaandikia waumini watakaokaa naye miaka 27, na Mungu anayesikia kila sauti ya kati. Handel alimwandikia mtu aliyelipa kiingilio, atakayesikia mara moja, na anayepaswa kutoka akiwa anaimba. Kwa hiyo hakuachii upotee. Sauti nne zinasema neno moja pamoja kwa kishindo, kisha zinatawanyika kidogo, kisha zinakutana tena kabla hamjachoka. Katika "Haleluya" usipoingia kwa wakati, subiri mapigo mawili matatu, basi litapita jingine.

Ndiyo maana iliwezekana, mwaka 1784, kukusanya waimbaji na wapigaji zaidi ya 500 katika Westminster Abbey kumkumbuka, na karne iliyofuata wafanyakazi wa viwandani wa Uingereza wakaiimba *Masihi* kwa nota za solfa (do, re, mi). Solfa hiyohiyo ilikuja kwetu na wamisionari, na karatasi nyingi za "Haleluya" zinazozunguka kwenye kwaya zetu, zilizopigwa fotokopi mpaka mistari ya chini imefifia, ni za solfa.

Maneno ya Kiswahili yanakaa vipi? Vizuri kuliko unavyotarajia mahali pengine, vibaya mahali pengine. Neno "haleluya" kwetu lina mkazo kwenye "lu", na Handel ameegemea hapohapo, hakuna ugomvi. "Kwa kuwa Bwana, Mungu wetu, Mwenyezi, amemiliki" ya Ufunuo 19:6 inabanana kidogo lakini inaingia. Balaa ni "Mfalme wa wafalme". Kiingereza kina silabi tatu tu, ambazo soprano wanazishikilia na kupanda ngazi kwa ngazi. Sisi tuna silabi saba. Kila kwaya ina ufumbuzi wake na kila kwaya inaamini wengine wamekosea. Amueni kabla ya mazoezi ya kwanza, si katikati.

Msiishie hapo lakini. *Masihi* ina zaidi ya vipande 50 na kwaya kama 20. Ya Krismasi ni Isaya 9:6, "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa", yenye mbio nyepesi na kishindo kwenye "Mshauri wa ajabu". Tuni yake Handel aliitoa kwenye wimbo wake wa watu wawili wa Kiitaliano, alioutunga Julai ya mwaka uleule, unaolalamikia hila za mapenzi. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia hilo alinitazama kama nimemtukana. Ya Pasaka, kwa kwaya isiyo na ala, ningechukua 1 Wakorintho 15:21, "Maana kwa kuwa mauti ililetwa na mtu". Inaanza taratibu na kwa upole, sauti tupu bila ala, ghafla inalipuka kwa furaha kwenye kiyama, inarudi chini, inalipuka tena. Ni fupi, kinanda kimoja kinatosha, na haijachakazwa kama "Haleluya". "Amina" ya mwisho waachieni wengine. Ni kurasa kadhaa za neno moja, na ndani yake Handel kwa mara moja amejisahau akawa Bach.

Kuhusu kusimama wakati wa "Haleluya": habari ya kwamba Mfalme George II alisimama iliandikwa miongo kadhaa baada ya tukio linalodaiwa. Simameni mkipenda. Watu wameshazoea.

Mozart: askofu anatazama saa

Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa Salzburg mwaka 1756, mji uliotawaliwa na askofu mkuu, na baba yake alikuwa mwanamuziki wa askofu huyo. Akiwa na miaka 14 alisikia *Miserere* ya Allegri katika kikanisa cha Sistina huko Roma na akaiandika kwa kumbukumbu. Kipaji cha kutisha. Lakini misa zake nyingi zina umbo lililokatwa na mwajiri. Septemba 1776, katika barua kwa Padre Martini wa Bologna, inaelezwa kwamba misa ya askofu mkuu Colloredo, hata ile ya sikukuu kubwa kabisa, isizidi robo tatu ya saa, na ndani yake kuwe na kila kitu, tarumbeta na ngoma zikiwemo. Mwaka 1781 waliachana kwa ugomvi, na ofisa wa askofu alimtoa mlangoni kwa teke. Mkono mtupu haulambwi, lakini huo wa Colloredo haukuwa mtupu na bado Mozart hakuulamba.

Sisi tunafaidi haraka ya askofu. *Misa ya Kutawazwa* ya mwaka 1779 inakwenda dakika kama 25 tu, Bwana Utuhurumie mpaka Mwanakondoo. Kwaya inaimba kwa vishindo vifupi, sauti pamoja, maneno yanasikika. Na ni Kilatini, jambo ambalo kwetu ni heri kuliko Kijerumani au Kiingereza: irabu zile zile tano, silabi nyingi zinazoishia na irabu. Mwanakwaya wa Songea husoma "miserere nobis" sawasawa siku ya kwanza. Mwingereza huhitaji mwezi. Tatizo ni waimbaji wanne wa solo. Soprano wa Mwanakondoo anaimba kama yuko jukwaani, na kweli tuni yake inafanana mno na ile Mozart aliyompa baadaye mke mwenye huzuni katika opera ya *Figaro*. Kama hamna soprano wa namna hiyo, msijaribu kumgawa kwa watu watatu. Tumejaribu.

Walio wa parokia wazungumze na paroko kwanza. Mwaka 1903 Papa Pius X alionya vikali dhidi ya muziki wa kanisa wenye sura ya opera, na misa nyingi za Mozart na Haydn zikasukumwa pembeni. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano msisitizo ukawa waumini washiriki kuimba. Misa nzima ya Mozart kwenye Jumapili ya kawaida huwaacha waumini wakitazama. Kwenye tamasha la parokia, sawa.

Ila kuna kipande kimoja ambacho ningempa karibu kila mtu, na hapa naegemea upande bila aibu. Juni 1791, miezi michache kabla hajafa, Mozart alikuwa anamtembelea mkewe Constanze, mjamzito, aliyekuwa kwenye maji ya tiba ya Baden karibu na Vienna. Anton Stoll, mwalimu wa shule na mwongoza kwaya wa kanisa la mji huo mdogo, alikuwa amemsaidia kumtafutia mkewe malazi. Kwa ajili yake Mozart aliandika *Ave verum corpus* kwa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Mapigo-mistari 46 tu, yaani vile vipande vidogo vya kuhesabia mapigo. Dakika tatu. Kwaya, fidla chache na ogani, bila solo yoyote. Huyu Stoll hakuwa na wavulana wa bweni wala makasri. Alikuwa na kwaya ya mji mdogo, kama yako. Mozart alijua, na akaandika muziki ambao hakuna sauti inayorushwa juu wala kukimbizwa.

Rahisi kusoma, ndiyo, lakini kuuimba vizuri ni habari nyingine. Mwandiko wake unataka sauti ya chini, karibu na mnong'ono, na kwaya zetu zimezoea kuimba hadi jirani wa mtaa wa tatu asikie. Katikati ufunguo unahama, hapo solfa inakuwa na ukakasi na besi huzama. Mwishoni sauti mbili za juu zinaongoza na mbili za chini zinazifuata kwa wimbo uleule, wakikimbizana polepole, msipohesabu mtagongana. Mazoezi sita yanatosha. Wakati wa komunyo hauna mpinzani.

*Misa ya Wafu* ndiyo inayoombwa zaidi kwa sababu ya hadithi yake, na hadithi ya kweli inapita ile ya sinema ya *Amadeus*: kabaila mmoja, Count Walsegg, aliiagiza kwa siri ili aitoe kama utunzi wake mwenyewe wa kumkumbuka mkewe. Mozart alifariki 5 Desemba 1791 hajaimaliza. Sehemu ile ya machozi, *Lacrimosa*, ameacha mapigo-mistari manane ya mwanzo tu, na mwanafunzi wake Süssmayr akamalizia. Hiyo *Lacrimosa* peke yake kwaya ya wastani inaweza kuimba msibani. Mengine ni magumu kama Bach, kwa kuwa wakati huo Mozart alikuwa anamsoma Bach.

Haydn, kwa ufupi, na padre wa Venice

Joseph Haydn, aliyezaliwa 1732, ndiye mcha Mungu mtulivu wa kundi hili. Kijana wa kwaya katika kanisa la Mtakatifu Stefano, Vienna, kisha mtumishi wa jumba la Esterházy kwa miongo. Alianza kazi zake kwa kuandika "kwa jina la Bwana" na kumaliza kwa "sifa kwa Mungu". Akiwa London mwaka 1791 alisikia oratorio za Handel ndani ya Westminster Abbey zikaimbwa na mamia ya watu, na hilo ndilo lililozaa *Uumbaji*, iliyosikika kwanza Vienna mwaka 1798. Mwandishi wa maneno yake ya Kijerumani, Baron van Swieten, ndiye aliyemwagiza Mozart mwaka 1789 aipange upya *Masihi* kwa ajili ya Vienna. Ukifuata nyuzi unakuta wote wamefungwa kwenye kitanzi kimoja.

Mahali pa "ikawa nuru" kwaya inanong'ona, kisha okestra nzima inapasuka. Bila okestra pametoweka. Kinanda cha umeme hakiwezi kuumba nuru, nimekijaribu kwa vitufe vyote. Kwaya ya Zaburi 19, "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu", inaimbika kwa kinanda, ila inataka watu watatu wa solo katikati.

Kwa parokia ndogo Haydn ana zawadi nyingine: misa fupi aliyoiandika miaka ya 1770 kwa kikanisa cha Ndugu wa Mtakatifu Yohane wa Mungu, Eisenstadt. Kwaya, fidla mbili, besi na ogani, solo moja tu ya soprano. Utukufu wake una mapigo-mistari 31, kwa ujanja usio na haya: sauti nne zinaimba sentensi nne tofauti za sala kwa wakati mmoja, ili iishe haraka. Padre akinuna, ana haki. Hakuna muumini anayesikia kinachosemwa. Utukufu uimbeni wa kwenu, mengine chukueni.

Na kama tatizo lenu ni wanaume, kuna Antonio Vivaldi, padre mwenye nywele nyekundu aliyefundisha wasichana yatima katika Ospedale della Pietà, Venice. *Gloria* yake maarufu, ya mnamo 1715, ilipotea hadi miaka ya 1920 na ikasikika tena mwaka 1939 huko Siena. Vipande 12, nusu saa, na solo zote ni za wanawake. Mwanzo wake unamwamsha hata mzee wa kanisa anayesinzia.

Kwa hiyo nani?

Kwaya ya usharika, watu 25, solfa, kinanda kimoja, inataka Pasaka: Handel, ile ya 1 Wakorintho kwanza, na "Haleluya" kama hamjawahi. Kwaya hiyohiyo kwa Ijumaa Kuu: Bach, mipangilio miwili ya ile tuni ya Hassler, bila kinanda. Kwaya ya parokia yoyote ile yenye uvumilivu wa kuimba kwa sauti ya chini: *Ave verum*, kisha ndiyo mfikirie misa. Kwaya ya chuo au ya jimbo, yenye watu 50 wanaosoma nota za mistari na fidla za kukodi: Vivaldi mwaka wa kwanza, *Misa ya Kutawazwa* mwaka wa pili.

Nota zenyewe hazina gharama. Watunzi hawa haki zao zilikwisha zamani, na maktaba ya mtandaoni ya IMSLP inazo karibu zote. Angalieni tu msipakue toleo jipya la mhariri aliye hai. Kuzigeuza kuwa solfa ni kazi ya mikono, jioni mbili tatu kwa kipande. Anzeni na besi. Soprano watasikiliza kwenye simu na kuja wameshika, lakini besi wanaosema wameshika wakaguliwe mmoja mmoja, na yule mmoja wa sauti ya tatu aulizwe mapema ratiba yake ya zamu ya mwezi wa nne.